Gari Halikuwa Bovu

Mwanaume mmoja wa Ifakara aliliharibu gari lake mwenyewe, makusudi kabisa, katikati ya pori la Saadani, huku mke wake na mama mkwe wake wamekaa ndani wanamsubiri.

Hakuwa mlevi. Hakuwa kichaa.

Alikuwa anamkimbia mtu mmoja mgonjwa, hoi, aliyelala kitandani na asiyeweza hata kusimama.

Tulieni niwape mkasa huu. Mwenyewe kanisimulia kwa mdomo wake, kwa hiyo msije mkaniuliza nimejuaje yaliyokuwa moyoni mwake. Na mimi nimeingiaje humo, mtajua hukohuko mbele.

Ilikuwa mwaka 1996.

Jamaa huyo, Gasper, alikuwa anakaa mtaa wa Viwanja Sitini na mkewe Tekla. Chumba cha uani alikaa mama yake Tekla, bibi mfupi, mkavu, mwepesi wa miguu, jina lake Apolonia.

Tekla alikuwa na kaka mmoja tu duniani. Deogratias. Watu wote walimwita Deo.

Baba yao alipofariki, shamba la mpunga la Mngeta lilibaki kwa Deo. Na lile shamba halikuwa la kitoto. Udongo mweusi, maji yanajileta yenyewe, ukitupa mbegu unageuka tu unakuta imeota.

Ila Deo na jembe walikuwa hawaivi. Alifanya kazi ya miwa Kidatu, ikamchosha, akasema anaenda pwani kujaribu maisha.

Asubuhi ya safari akamshika Gasper mkono.

"Shemeji, shamba nakuachia wewe. Lima, kula, mtunze mama. Nikirudi nitalikuta."

"Nenda kwa amani, shemeji. Mali yako ni yako."

Gasper akalima. Akavuna. Akalima tena.

Misimu miwili tu, jamaa akanunua Land Rover kuukuu ya kijani, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. Akawa anabeba mpunga wa watu kutoka Mngeta hadi mashineni Ifakara. Mtaani wakaanza kumpisha njia. Wazee wakawa wanamwita kwa jina la heshima, baba Land Rover.

Utamu ukakolea, si unajua tena.

Siku moja yuko mashineni, pumba zinaruka, kelele tupu, akaguswa bega. Kageuka, kamwona mwanaume mrefu wa kipwani, kofia kichwani, amekuja kununua mchele.

"Wewe ndiye Gasper, mume wa Tekla?"

"Ndiye."

"Mimi naitwa Nazari. Natokea Pangani. Nina neno la shemeji yako Deo."

Gasper akafurahi kweli. "Yupo? Mzima?"

"Yupo, mzima si mzima. Kifua kinamsumbua, kazi hawezi tena. Anamtaka mama yake. Kasema mpeleke mama, au mfuate umrudishe nyumbani. Peke yake safari hii haiwezi."

"Nimekusikia, ndugu yangu. Leo hii hii nawaambia."

Nazari akapanda lori lake, akaondoka.

Zama zile simu za mkononi hatukuwa nazo. Neno lilisafiri kwa mdomo wa mtu. Ukipewa, umebeba.

Gasper akarudi nyumbani akiwa na nia ya kusema. Haki ya Mungu alikuwa na nia.

Ila njiani shetani akamdandia begani. Mpunga uko shambani, umeshainamisha vichwa. Deo akirudi sasa, msimu huu unakuwa wa nani? Ngoja tuvune kwanza. Wiki chache haziui mtu.

Wakavuna.

Jioni moja wamekaa barazani, Tekla anapepeta mchele, mama anachambua mboga. Gasper akafungua mdomo aseme.

Halafu akaliona swali la Tekla kabla hajaulizwa. "Umeambiwa lini?"

Akafunga mdomo.

Kesho yake swali likawa zito zaidi. Keshokutwa zaidi. Baada ya miezi, likawa jiwe. Hakuna mtu anayeweza kusema, "Mwanao anakuita, na nimelijua hilo tangu mavuno."

Mwaka uliofuata Nazari akaja tena.

"Deo bado anawaulizia. Ana mke sasa, wamepata na mtoto. Ila kifua kimezidi. Mbona kimya, jamani?"

"Tunajipanga," Gasper akajibu.

Tunajipanga! Mdomo mkubwa kama lango la ghala, na ndilo jibu lililotoka.

Sasa sikieni mambo yalivyogeuka.

Mwezi wa nane, jirani yao mmoja, Margareta, akarudi kutoka hija ya Bagamoyo. Walienda na parokia. Akaja kumsalimia Apolonia, akamwambia, "Dada, sitaki kukudanganya, lakini kule kanisani niliona mtu kwa mbali. Mabega yale yale ya Deo."

Basi. Yakaisha.

Asubuhi yake Apolonia akatokea barazani, kifurushi kimefungwa, kitenge kipya kiunoni.

"Mkwe wangu, gari lako si linatembea?"

"Linatembea, mama."

"Nipeleke Bagamoyo nikamtafute mwanangu."

Gasper angeweza kukataa. Gari bovu, mafuta hakuna, visingizio si vinaokotwa? Lakini akapiga hesabu ya haraka kichwani. Bagamoyo si Pangani. Bibi ataenda, ataangalia, hatamkuta mtu, atarudi ametulia. Na yeye ataonekana mkwe bora Kilombero nzima.

"Keshokutwa tunaondoka, mama," akasema.

Tekla alimkumbatia mbele ya watu. Kitu ambacho hakuwahi kufanya.

Wakaondoka. Kwa mila zetu mkwe na mama mkwe hawabanani, kwa hiyo Tekla alikaa katikati kama ukuta. Sanje wakanunua ndizi, mkungu mzima. Vumbi la Kidatu likawapaka rangi moja wote watatu. Morogoro wakalala kwa ndugu. Siku ya pili, wameiacha lami kule Mlandizi, wakaingia Bagamoyo.

Apolonia aliposhushwa ufukweni, alisimama akiyatazama maji.

Huyu ni mtu aliyezaliwa kandokando ya Kilombero. Mafuriko anayajua. Ameshawahi kukaa juu ya dari wiki nzima, maji yanapita chini yake. Hatishwi na maji.

"Tekla," akasema. "Ng'ambo iko wapi?"

"Haionekani, mama."

"Hata mafuriko ya kwetu yana mwisho." Akatikisa kichwa. "Aliyeyamwaga haya hakubakiza kitu ndooni."

Wimbi likaja likamvua kandambili. Akapiga kelele, akainua kitenge, akalifukuza. Lilipomrudishia, alicheka hadi akakaa kwenye mchanga.

Walizunguka mji wote. Walimwulizia Deo kanisani, sokoni, kwa wauza samaki, kwa wachonga milango. Apolonia alipita mitaa ile ya kale akigusa milango ya nakshi, misumari yake ya shaba, akisoma kwa vidole. Walifika Kaole, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya watu wa karne na karne. Akasimama kwenye kaburi moja refu, akauliza, "Na hawa mama zao waliwaona wakizikwa?"

Gasper akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Tekla akamsogelea, akamnong'oneza. "Tangu baba afe sijamwona mama anacheka kama leo. Mungu akulipe."

Mungu akulipe! Alitamani arudishe lile neno lilikotoka.

Mnaelewa kilichokuwa kinamla? Alikuwa anawapa wale wanawake siku tamu kuliko zote, na kila utamu ulikuwa umepikwa kwa uongo. Bibi anafurahi, yeye anaumia. Bibi anambariki, yeye anakonda.

Bagamoyo Deo hakuwepo, bila shaka. Gasper akaanza kusema habari za kurudi.

Lakini mama mmoja muuza samaki alikuwa ameshamwambia Apolonia, "Watu wa bara wanaotafuta kazi hawakai hapa. Wako huko juu. Saadani kwenye chumvi, Pangani kwenye mkonge."

Pangani. Jina likatajwa mchana kweupe. Gasper alihisi kama kapigwa kibao.

"Mama, kule njia hakuna. Pori tupu."

"Bahari si inaendelea?" Apolonia akauliza.

"Inaendelea."

"Basi na sisi tuendelee."

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Jumatatu mchana wakaingia Saadani. Kijiji kidogo tu, lakini zamani ulikuwa mji wa watu. Kuta za mawe zimeliwa na chumvi, makaburi ya kale yamejificha vichakani, minazi inayumba juu ya magofu. Wakauliza kwenye mashamba ya chumvi. Deo hajulikani.

"Kesho Pangani," akasema Apolonia, akapanda garini na Tekla kupumzika.

Gasper akafungua boneti, eti anaangalia maji.

Ndani ya injini ya gari lile kulikuwa na kidude kidogo, mafundi wanakiita rota, ndicho kinachogawa moto kwenye plagi. Ukikitoa, hata usukume hadi Kenya, gari haliwaki.

Akakitoa. Akakitia mfukoni.

Akafunga boneti.

Jamani, hakumwombea shemeji yake kifo. Nataka hili lieleweke, kwa sababu mwenyewe aliniambia mara nyingi sana. Hakumwombea Deo kifo. Alimwombea mama mkwe wake uchovu. Basi. Achoke, aseme turudi.

Asubuhi wakapanda. Akawasha. Kimya. Akawasha tena. Kimya.

"Limekufa," akasema.

Jumanne ikaisha. Akadai anamtafuta fundi, akawa anaenda kukaa chini ya ukuta wa gofu peke yake, anahesabu kaa wanaotoka na kuingia mashimoni. Jumatano hivyo hivyo. Jioni anarudi ameinamisha uso. "Fundi hakuna, mama."

Na Apolonia anafanya nini? Anamwekea samaki. Kipande kikubwa, chenye tumbo nono.

"Kula, mkwe wangu. Wewe ndiye unayeteseka."

Alhamisi asubuhi akamkuta amesimama mbele ya Land Rover, kiganja juu ya boneti, macho yamefumba, anasali. Analiombea gari zima lipone.

Gasper aligeuka akatembea hadi majini, akabaki huko hadi sala ilipokwisha.

Utasema, hapo si angesema? Ndugu yangu, hapo ndipo kulikuwa kugumu kuliko kote. Maana sasa kulikuwa na neno la kwanza alilolificha, na la pili, na gari juu yake. Mzigo ukishapangwa hivyo, huwezi kuchomoa gunia la chini bila kuangukiwa na yote.

Ijumaa alfajiri Tekla akamwamsha kwa kumtikisa.

"Mama hayupo!"

Kifurushi hakipo. Kandambili hazipo.

Wakakimbilia ufukweni. Kwa mbali, upande wa kaskazini, wakaona kitu kidogo cheusi kinasogea kando ya maji. Bibi wa watu, kifurushi kichwani, anaenda Pangani kwa miguu. Kwenye pori lenye simba wanaoshuka hadi mchangani.

Gasper alikimbia kama mwizi. Alipomfikia pumzi hana.

"Mama! Unakwenda wapi? Kuna wanyama!"

Hakusimama. "Gari limekufa. Miguu haijafa."

"Mama, subiri. Nakuomba subiri. Nalitengeneza sasa hivi."

Akageuka akamwangalia. "Kwani leo umepata fundi?"

"Nimegundua kilichoharibika."

Akarudi mbio. Akawapa watu mgongo, akakirudisha kile kidude mahali pake. Akawasha. Likanguruma kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Tekla alirukaruka kwa furaha. Apolonia akarudi, akapanda, akapiga ishara ya msalaba, akasema, "Nilijua Mungu hatatuacha njiani."

Wakapita Mkwaja, mchanga unazamisha matairi, wanajichimbua, wanaendelea. Alasiri wakafika Bweni. Mto Pangani mbele yao, na ng'ambo yake mji wenyewe, nyumba za kale zimepanga mstari kando ya maji, boma jeupe, paa za mabati zenye kutu.

Wakaingia kwenye kivuko. Apolonia hakungoja hata kifike katikati. Akamwendea mfanyakazi wa kivuko.

"Hujambo, baba? Namtafuta mwanangu. Mtu wa bara, Ifakara. Anaitwa Deogratias."

Yule mwanaume akaacha kamba aliyoishika.

"Deo wa Bara?"

"Unamjua?" Macho ya bibi yaliwaka. "Unamjua mwanangu?"

Mwanaume akavua kofia.

"Shikamoo, mama yangu. Pole. Tumemzika jana."

Gasper anasema hakumbuki kivuko kilivyofika ng'ambo. Anakumbuka tu kwamba alikuwa ameshika usukani wa gari lililozimwa, anaukaba kwa mikono miwili.

Jana. Jana ni Alhamisi.

Jumanne wangefika. Jumanne Deo alikuwa hai.

Walipelekwa hadi kwenye nyumba ya matanga, nyumba ya udongo nyuma ya mitaa ya zamani. Wanawake wamejaa mikekani. Wakampisha Apolonia njia. Katikati amekaa mwanamke kijana, kanga imefunika kichwa, mtoto wa kike wa kama mwaka mmoja amelala mapajani.

Ndiye Rabia, mke wa Deo.

Rabia alimtazama yule bibi, hakuhitaji kuambiwa. Sura ya Deo ilikuwa imesimama mbele yake.

"Mama," akasema, sauti ikakatika. "Mama, umekuja."

"Nimechelewa, mwanangu."

"Amekungoja, mama. Amekungoja hadi juzi alfajiri."

Apolonia hakupiga yowe. Alikaa chini taratibu, akanyoosha miguu kama mtu aliyetoka shamba, akamchukua yule mtoto akampakata. Tekla ndiye aliyelia, akagaragara, wanawake wakamshika.

Wakaenda kaburini, makaburi ya misheni, udongo bado mbichi. Apolonia akapiga magoti. Akazungumza na mwanawe kwa Kindamba, polepole, maneno ambayo wapwani waliokuwa pale hawakuyaelewa. Gasper aliyaelewa yote.

Alipoinuka akamwita.

"Mkwe wangu, njoo."

Akaja.

Mbele ya watu wote akamwekea mkono kichwani. "Bila wewe nisingeliona hata kaburi. Umenileta kwa mwanangu. Mungu akuzidishie."

Watu wakaitikia, "Amina."

Na katika wale waliosema Amina, Gasper akainua macho akamwona mwanaume mrefu, kofia kichwani, anamtazama bila kupepesa.

Nazari.

Alimwangalia tu, kisha akaangalia pembeni, kama mtu aliyeona mwenzake amevuliwa nguo.

Wakarudi nyumbani. Kahawa ikapita. Rabia akauliza kwa adabu, "Na wewe kaka, ndiye shemeji Gasper?"

"Ndiye," Gasper akajibu.

Rabia akatabasamu kidogo, lile tabasamu la msibani.

"Deo alikupenda sana. Mimi nilikuwa namwambia, hao ndugu zako hawaji, tumetuma salamu mara mbili na hakuna aliyekuja. Anakuwa mkali. Anasema, usimseme Gasper vibaya. Nazari amempa neno mkononi. Kama hajaja, mto umejaa, au njia imekatika, au ana mgonjwa. Gasper akisikia, Gasper anakuja."

Tekla alikuwa ameinamia kikombe. Akainua uso taratibu.

Deo alikuwa na dada mmoja tu. Na dada huyo alikuwa na mume mmoja tu.

"Alikupa?" Tekla akauliza.

Gasper akamtazama Nazari. Nazari alikuwa anatazama mkeka.

"Gasper. Nakuuliza. Nazari alikupa neno la Deo?"

"Alinipa."

"Lini?"

Lile swali. Lile lile alilolikimbia mwaka mzima na zaidi, lilikuwa limemtangulia Pangani, limekaa mkekani linamsubiri.

"Mara ya kwanza mwaka jana, kabla ya mavuno. Mara ya pili mwaka huu."

Hapo mtu mmoja akasema "Lahaula" kwa sauti ya chini. Tekla akaweka kikombe chini. Akakikosa kisahani, kahawa ikamwagika mkekani, hakuna aliyeifuta.

Apolonia alikuwa bado amempakata mtoto. Hakupandisha sauti.

"Na gari, pale Saadani?"

Gasper alifikiria kudanganya. Aliniambia hivyo mwenyewe. Hata pale, hata wakati ule, uongo ulikuja ukasimama mlangoni mwa mdomo wake.

"Halikuwa bovu, mama."

Bibi akatikisa kichwa mara kadhaa, kama anayepanga siku kichwani.

"Kwa hiyo nilipokuwa naliombea gari zima," akasema, "mwanangu alikuwa anazikwa."

Basi. Hilo tu ndilo alilosema. Hakumtukana. Hakumlaani. Gasper alipiga magoti akitaka kumshika miguu, bibi akaikunja miguu akaificha ndani ya kitenge.

Waliwekewa chakula, Gasper hakula. Hakuna aliyemfukuza na hakuna aliyemwambia karibu. Alikaa nje kwenye ngazi hadi kulipokucha.

Kesho yake Tekla akafunga kifurushi cha mama. Apolonia akakifungua.

"Nyie rudini. Mimi nabaki."

"Mama, utabaki huku na nani? Huna mtu huku!"

"Nina mkwe. Nina mjukuu. Nina mwanangu pale mchangani. Ifakara nina nini?"

"Una mimi, mama."

Bibi akamshika shavu. "Wewe una nyumba. Na ndani ya nyumba yako una kazi kubwa, sikuingilii."

Akabaki. Mwanamke wa mabondeni, aliyekuwa hajawahi kuona bahari hadi juma lile, akabaki Pangani.

Kurudi Ifakara, Tekla hakukaa mbele. Alipanda nyuma, kwenye bodi tupu, akashikilia bomba, vumbi na jua vyote vyake. Gasper alisimama Segera akamsihi. Morogoro akamsihi. Hakujibiwa.

Walipoingia Viwanja Sitini majirani wakajaa. Margareta mbele kabisa.

"Karibuni! Poleni na safari! Mama yuko wapi? Deo je?"

Gasper akamtazama mkewe amsaidie.

Tekla akashuka, akajikung'uta vumbi, akasema, "Jibu wewe. Ni neno lako."

Akaingia ndani.

Na toka siku ile ikawa hivyo. Kila aliyeuliza, kanisani, mashineni, Mngeta shambani, Tekla alimwachia mumewe ajibu. Na Gasper alijibu. Mwanzoni alijibu nusu, Tekla akawa anasimama pale pale anamsubiri amalizie. Hakuivunja ndoa. Wengine hadi leo wanasema bora angemwacha.

Land Rover aliiuza. Shamba alilima, lakini mavuno yake hakuyagusa tena. Kila msimu Nazari alipakia magunia hadi Pangani kwa Rabia na mtoto. Mchele ukifika, Apolonia alikuwa anaupika vizuri, kwa nazi, anawaita majirani, wanakula wanasifu. Yeye anakula ugali wake pembeni.

Sikumwona hata siku moja akiuonja.

Ndiyo. Nimesema sikumwona.

Yule mtoto aliyekuwa amelala mapajani siku ya matanga ni mimi. Naitwa Siwema, binti wa Deogratias. Bibi Apolonia ndiye aliyenilea, mama akiwa sokoni, na amelala leo kando ya baba pale pale Pangani.

Nilipokuwa mkubwa nikafunga safari kwenda kuiona Ifakara. Nilienda na hasira zangu zimenolewa, sitaki kuwadanganya. Nilijipanga nimseme yule mzee hadi ajute kuzaliwa.

Shangazi Tekla alinipokea kwa kilio. Mume wake alikuwa amekaa barazani, mzee, mwembamba, mikono imepauka. Nikamwamkia. Akaitikia bila kuinua macho. Akasema, "Uliza. Nitajibu yote."

Kweli akajibu. Haya yote mliyoyasoma ni majibu yake. Hakuna mahali alipojitetea zaidi ya kile nilichowaambia, kwamba hakumwombea baba yangu kifo.

Mwisho nikamuuliza lile lililonileta. "Kwa nini hukusema tu? Ilikuwa shamba?"

Akaitazama mikono yake.

"Wiki ya kwanza ilikuwa shamba," akasema. "Baada ya hapo shamba halikuwepo tena, mwanangu. Nilikuwa naogopa kuulizwa kwa nini sikusema jana."

Hasira zangu zote nilizozinoa zikakosa pa kuchoma. Sikumkumbatia. Sikumwambia nimesamehe, kwa sababu sijui kama nimesamehe. Nilimwomba maji, akaniletea kwa mikono miwili, nikanywa.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, neno la mtu ni amana. Ukipewa, lifikishe. Na kama jana hukulifikisha, usingoje upate namna nzuri ya kulisema. Hiyo namna haipo. Lifikishe leo, na aibu yako mkononi.

Kuna mtu kitandani anawaambia watu wasikuseme vibaya.